Kughani Hadi Kusema: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mgonjwa wa Kiharusi kwa Wimbo na Mdundo

Wiki ya tatu baada ya kupatwa na kiharusi, baba yangu hakuweza kuomba maji. Alijua anachotaka. Macho yake yalikuwa kwenye bilauri, kidole cha mkono wa kushoto kikiielekea, midomo ikijikunja kuitafuta herufi ya kwanza, na kilichotoka kilikuwa "te, te, te". Jioni ileile redio ikapiga wimbo wa ujana wake, naye akauimba ubeti mzima, neno kwa neno, bila kukwama. Tuliokuwa chumbani tukanyamaza wote. Ulipokwisha nikamwuliza, "Baba, nikuletee maji?" Akafungua kinywa akasema, "Te."

Mwongozo huu ni wa mtu anayemuuguza mgonjwa wa namna hiyo. Nimeupanga kwa hatua ambazo ningefurahi sana kama mtu angenipa siku ile. Hauchukui nafasi ya daktari wala ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Ukimpata mtaalamu, mweleze unachofanya ili akurekebishe. Lakini mtaalamu humwona mgonjwa saa chache kwa wiki, wewe uko naye kutwa kucha, na mazoezi haya yanataka kurudiwa kila siku.

Elewa kwanza kwa nini wimbo unapita mahali neno linapokwama

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijibu karibu kila swali kwa silabi moja: "tan". Leborgne alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Leo inajulikana kwamba kwa watu walio wengi kazi ya kuunda maneno hufanywa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo. Nusu hiyohiyo ndiyo inayoendesha upande wa kulia wa mwili, na ndiyo maana aliyepoteza usemi mara nyingi huwa amepooza mkono na mguu wa kulia pia.

Muziki hauna chumba kimoja kichwani. Mahadhi hushughulikiwa kwa kiasi kikubwa na nusu ya kulia. Mdundo huamsha sehemu zinazopanga mwendo wa mwili hata kama msikilizaji ametulia tuli kwenye kiti. Kumbukumbu ya wimbo na hisia zake zina sehemu nyingine tena. Kiharusi kikikata njia moja, nyingine hubaki wazi. Mwaka 1745, zaidi ya karne moja kabla ya Broca, Mswidi Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia na kubakiwa na neno "ndiyo" tu, lakini aliyeimba tenzi za kanisani kwa maneno yaliyo wazi kama mtu mzima wa afya, mradi tu mtu amwanzishie. Kumbuka hilo la kuanzishiwa. Tutalirudia.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilidhani kwa kuwa baba anaimba, basi usemi umerudi na ni suala la kumwekea nyimbo nyingi zaidi. Sivyo. Maneno ya wimbo uliozoeleka yamehifadhiwa kama shanga kwenye uzi mmoja: ukivuta ya kwanza, zote zinafuata. Ndivyo zilivyo sala, siku za wiki na kuhesabu moja hadi kumi. Kuomba maji ni kazi nyingine, kwa sababu shanga hutungwa upya kila unaposema. Utafiti uliochapishwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 17, ulionyesha kwamba kilichowasaidia kutamka kilikuwa mdundo na kuyazoea maneno, kuliko mahadhi yenyewe. Nilipoteza wiki mbili nikingoja nyimbo zizae mazungumzo. Hazikuzaa, hadi nilipoanza kughani pamoja naye maneno anayoyahitaji, kwa mapigo, silabi kwa silabi.

Hatua ya 1: Jua kama njia hii inamfaa mgonjwa wako

Anayefaidika zaidi na kughani ni yule anayeelewa anachoambiwa lakini maneno hayamtoki, au yanatoka moja moja kwa taabu. Mpe maagizo mepesi bila kumwonyesha kwa mkono: "Funga macho." "Shika pua." Akifanya, uelewa upo. Kisha mwanzishie wimbo anaoujua, uimbe mstari mmoja pamoja naye, halafu nyamaza katikati. Akiendelea hata kwa neno moja, au hata kwa sauti tupu inayofuata mahadhi, una pa kuanzia.

Wako wagonjwa wengine ambao maneno huwatoka kama mto, lakini hayana maana, nao hawaelewi wanachoambiwa. Hao wanahitaji tiba ya aina nyingine, na kughani kunaweza kuwachanganya zaidi. Wako pia waliopata kiharusi nusu ya kulia, na kwa baadhi yao muziki wenyewe ndio unaoharibika: wimbo walioupenda maisha yao yote husikika kama kelele za masufuria. Mgonjwa akikunja uso kila unapowasha muziki, usidhani ni ukaidi. Zima, umweleze daktari.

Kabla ya kuanza, uliza hospitali mambo mawili: kama anameza salama, na kama amewahi kupata degedege baada ya kiharusi. Kifafa kinachoamshwa na muziki ni nadra sana, lakini kipo. Na wakati wowote uso ukipinda ghafla, mkono ukaishiwa nguvu au usemi ukazidi kuharibika, acha kila kitu umkimbize hospitali. Hicho kinaweza kuwa kiharusi kipya.

Hatua ya 2: Msikilizishe nyimbo zake, si zako

Hatua hii ni nyepesi na inaweza kuanza mapema kabisa, hata akiwa bado kitandani. Nchini Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 60 wa kiharusi waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walisikiliza muziki walioupenda kwa angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili, wa pili walisikiliza vitabu vilivyorekodiwa, wa tatu hawakupewa cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Kundi la muziki lilirejesha kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuzingatia jambo vizuri kuliko mengine, na halikuwa na huzuni nyingi kama wale wasiopewa chochote.

Siri iko kwenye neno "walioupenda". Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba mtu akisikiliza muziki unaomsisimua, ubongo wake humwaga dopamini, kemikali inayohusika na raha, tena huanza kuimwaga kabla ya kipande kitamu kufika, wakati bado anakingoja. Kungoja huko hakuwezekani kwa wimbo usioujua. Kwa hiyo achana na orodha za "muziki wa kutuliza ubongo" zinazosambazwa mtandaoni. Habari ya kwamba Mozart huongeza akili ilitokana na jaribio dogo la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo, na faida yake ilidumu kama dakika 10 hadi 15.

Tafuta nyimbo alizozisikia akiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Kumbukumbu za umri huo hung'ang'ania kuliko nyingine. Waulize ndugu zake na marafiki wa rika lake: alicheza nini harusini kwake, aliimba nini kazini, alipiga mluzi gani akinawa uso asubuhi. Andika nyimbo 15 au 20. Chagua zaidi zenye maneno, kwa sababu zinaamsha lugha na muziki kwa pamoja.

Gawa ile saa moja katika vipindi viwili au vitatu. Zima televisheni, kaa naye, mtazame usoni. Muziki unaolia kutwa nzima hugeuka kelele ambazo ubongo uliojeruhiwa hulazimika kuzichuja, na kuchuja kunachosha. Sauti iwe ya kiasi ambacho mnaweza kuongea bila kupaza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na wewe huna sababu ya kukikaribia.

Hatua ya 3: Kughani maneno ya kila siku

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako. Njia yenyewe ilielezwa kitabibu mwaka 1973 na Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm huko Marekani, na imeendelea kutumika tangu hapo. Aliyekuwa mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi iliyopita nusu ya kushoto ya ubongo Januari 2011, ni mmoja wa wanaojulikana sana waliosaidiwa na tiba ya muziki kuanza kupata maneno tena.

Andika vifungu kumi anavyovihitaji kweli, vya silabi mbili hadi nne tu. *Maji. Twende. Nimechoka. Naumwa. Njoo hapa. Sitaki.* Usisahau "sitaki". Mtu asiyeweza kukataa hukasirika, na hasira hiyo familia nyingi huidhania tabia mpya ya mgonjwa.

Sasa vipe vifungu hivyo sauti mbili, ya chini na ya juu. Umbali kati yao ni kama ule unaousikia mtu akimwita mwenzake aliye mbali: sauti inapanda kwenye silabi moja, inashuka kwenye inayofuata. Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi sauti ya juu huwekwa hapohapo, bila kubuni chochote: MA-ji. Ni-me-CHO-ka. Na-U-mwa. Mgonjwa anajifunza wimbo ambao tayari umo ndani ya lugha yake.

Keti mbele yake, magoti karibu kugusana, midomo yako aione. Ushike mkono wake wa kushoto kwa upole, juu ya meza au juu ya paja lake. Kwa kila silabi utaugonga mara moja. Mkono wa kushoto huendeshwa na nusu ya kulia ya ubongo, ile iliyobaki nzima, na kugonga huko ndiko kunakouongoza mdomo lini uanze. Mwendo ni silabi moja kwa sekunde. Utaona ni taratibu mno. Nilipokuwa naharakisha, baba alifumba macho, nilipopunguza, aliyafumbua.

Chukua kifungu kimoja, tuseme "nimechoka", na upite nacho hivi:

Vumisha mahadhi yake ukiwa umefunga midomo, ukigonga mkono wake: mm, mm, MM, mm. Mara mbili. Yeye anasikiliza tu.

Kisha ghani maneno yenyewe, ukigonga, na umwashirie mjiunge pamoja. Rudieni mara tatu au nne. Usijali matamshi. Akisema "i-e-o-a" kwa mapigo sahihi, huo ni ushindi, maana irabu hutangulia na konsonanti hufuata baadaye.

Halafu anzeni pamoja, wewe ufifie katikati. Ni-me... na unyamaze, mkono ukiendelea kugonga. Huku ndiko kule kuanzishiwa alikokuhitaji mtu wa mwaka 1745. Watu wengi hukosa subira hapa. Ukimya wa sekunde tano unatisha, nao humalizia neno kwa niaba ya mgonjwa. Bana midomo. Endelea kugonga.

Akiweza, ghani peke yako kifungu kizima, kisha yeye arudie peke yake, bado mkigonga. Mwisho, muulize: "Baba, umesemaje?" Naye ajibu kwa kughani: *ni-me-CHO-ka*. Swali hilo ndilo daraja la kutoka kwenye kuiga kwenda kwenye kusema, kwa kuwa sasa anatafuta neno kichwani mwake badala ya kulifuata kutoka kinywani mwako.

Akikwama mahali, usimsahihishe silabi iliyoharibika na usimwambie "hapana". Rudi hatua moja nyuma, fanyeni tena kifungu kizima, kisha songa. Akikwama mara mbili mfululizo, badilisha kifungu. Dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, wakati ambapo hajachoka, zinatosha kwa nyumbani. Maliza kila kipindi kwa kifungu anachokiweza.

Tumieni kifungu siku hiyohiyo kwenye jambo lenyewe. Mkijifunza "maji", bilauri iwe mezani, na akighani, apewe maji papo hapo. Siku baba alipoghani *MA-ji* kwa mara ya kwanza bila mimi, sauti ya kwanza ilitoka juu mno, ikapasuka, na ile ya pili ilikuwa pumzi tu. Nilikimbilia bilauri kama mtu aliyeitwa na rais.

Hatua ya 4: Miguu

Mdundo hufundisha kutembea kwa njia ya moja kwa moja kuliko unavyofundisha kuongea, kwa sababu masikio na mitambo ya mwendo katika ubongo vimeunganishwa kwa karibu sana. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kuuzuia mwendo, waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mdundo dakika 30 kila siku kwa wiki tatu: mwendo wao uliongezeka kwa asilimia 25. Njia hiyohiyo ikatumika baadaye kwa waliopatwa na kiharusi.

Iache hatua hii mpaka daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo aseme mgonjwa anaweza kusimama na kutembea kwa kusaidiwa. Siku ya kwanza, mwache atembee kwa mwendo wake wa kawaida bila muziki wowote. Hesabu kila unyayo unaogusa chini kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Ukipata hatua 14, mwendo wake ni 56 kwa dakika. Weka programu ya metronomu, yaani ya kutoa mapigo yaliyo sawasawa, kwenye simu kwa kasi hiyohiyo ya 56, au tafuta wimbo wenye mapigo yanayolingana. Kwanza asikilize akiwa ameketi, akigonga mguu mzima, halafu asimame, ahamishe uzito kushoto na kulia kwa mapigo, ndipo atembee.

Wewe simama upande wake ulio dhaifu, nyuma kidogo, sakafu ikiwa kavu na haina zulia linalokunjika. Usimhimize kwa maneno wakati anatembea; maneno yanashindana na mdundo. Hatua zikianza kulingana, kaeni kwenye kasi hiyo siku kadhaa kabla ya kuongeza. Ongezeko liwe asilimia 5 hadi 10, yaani kutoka 56 hadi 59 au 61. Akianza kukimbiza miguu au hatua zikawa fupi, mmezidisha. Shusheni. Kila mwisho wa zoezi, uzime mdundo, mwache atembee dakika moja kimya, ili mwili ujizoeze kuubeba mdundo bila kusikilizishwa.

Hatua ya 5: Mkono uliodhoofika

Kama vidole vinasogea hata kidogo, weka mbele yake kitu kinachotoa sauti kwa kuguswa: ngoma ndogo, kinanda cha watoto, hata sufuria lililopinduliwa. Faida ni kwamba ubongo husikia papo hapo kama kidole kimefika au hakijafika, bila mtu kumwambia. Anza kwa pigo moja, kisha mawili, kisha vidole kwa zamu. Mkono ukiwa haujaamka kabisa, usiulazimishe wala kuuvuta.

Hatua ya 6: Kuuondoa wimbo taratibu

Vifungu vya silabi nne vikiwa vinatoka bila wewe, panda hadi silabi tano au sita: *na-o-mba ma-ji*, *twe-nde nje ki-do-go*. Hapo weka pumziko kati ya kughani kwako na kurudia kwake, sekunde mbili, kisha nne, kisha sita. Pumziko linamlazimisha kukishika kifungu kichwani.

Baadaye sauti zile mbili zikaribiane. Badala ya kughani, ongea kwa mapigo, ukivuta silabi ya mkazo tu, kama mtu anayesoma shairi kwa sauti tulivu. Mwishowe ongea kawaida, mkono ukigonga. Kugonga ndiko kuondoke mwisho kabisa. Wapo wanaofika huku kwa miezi michache, wapo wanaochukua zaidi ya mwaka, na wapo wanaobaki na vifungu thelathini ambavyo kwavyo wanaendesha siku nzima.

Rekodi sauti yake kwa simu kila Jumapili, kifungu kilekile. Siku kwa siku hutaona tofauti, na kuna siku atarudi nyuma kwa sababu hakulala vizuri au ana homa. Ukisikiliza ya leo na ya wiki nane zilizopita mkiwa pamoja, atasikia mwenyewe.

Baba sasa anaongea sentensi fupi. Neno likimkwama, kidole chake cha shahada cha kushoto hugonga paja mara moja, mara mbili, ndipo neno linatoka. Wageni wakimwuliza kwa nini anagonga, tunawaomba wasubiri. Nawe mgonjwa wako akibaki na tabia hiyo, usimkataze.